Ndovu Wametoka

Mume wangu alikufa kabla ya mvua kubwa, lakini hakunyamaza. Kila asubuhi nilifungua duka, nikawasha kompyuta, na sauti yake ikaanza kutoka kwenye spika iliyotundikwa juu ya mlango, ikicheka, ikiwatukana majambazi, ikiwaonya wachumba wasiingie msituni. Waliopita kwenda sokoni walipunguza mwendo. Wengine waliniangalia kwa huruma, wengine walitikisa kichwa wakaenda zao. Mimi nilikuwa nafagia. Nilifagia mahali palepale mara mbili, mara tatu, sauti ya mtu niliyemzika ikinipigia kelele juu ya kichwa, na sikuhisi kitu. Ukiniuliza kama nilikuwa na huzuni nitakuambia ukweli: huzuni sikuiona. Nilikuwa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi. Asiyeijua kazi hiyo ni mgeni wa nchi hii, lakini acha nieleze. Mtu anachukua muvi ya lugha ya watu, anaketi na maiki, na picha ikiendelea yeye anakueleza kwa Kiswahili nani amesema nini, nani mwongo, nani hatafika mwisho. Kutafsiri ni jina tu. Kiingereza chake mume wangu kilikuwa cha kuombea maji, na Kihindi hakuwa nacho hata cha kuombea hayo maji. Alitazama nyuso, akajua. Chumba chake cha kurekodia kilikuwa hapo nyuma ya duka, ukutani amepigilia trei za mayai na godoro kuukuu ili kelele za nje zisiingie, na alirekodi alfajiri kabla jirani hajawasha mashine ya kusaga mahindi. Watu walitoka mpaka Bomeni kule Taveta kuja na flashi zao: "Nitilie zile za DJ wenu." Hapa Voi walimwita hivyo, DJ wetu, kama vile ni mali ya kaunti.

Watu hawajui kumwambia mjane nini. Wanasema pole, wanasema ni mapenzi ya Mungu, halafu maneno yanawaishia na wanabaki wanaangalia vidole vyao. Wa kwangu, wale watatu wa benchi, walipoishiwa na pole waliamua kuongea muvi. Walikuwa wakikaa hapo nje chini ya mabati tangu mume wangu akiwa hai, kila Jumapili baada ya kanisa na siku nyingine wakipata nafasi. Alikuwepo fundi wa nguo wa duka la pili, Mkamba, mwanamke wa kusema. Alikuwepo mwalimu mstaafu, Mtaita wa milimani, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo na jua lote hili la Voi. Na kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake ilikaa zaidi ya ilivyotembea. Wiki ya pili baada ya maziko walirudi benchi, wakasafisha makoo, na kati ya hadithi zote za dunia wakachagua kubishania ile ya msichana wa kiatu.

Hadithi yenyewe unaijua. Msichana amefiwa na mama. Baba anaoa mwingine. Baba naye anakufa, msichana anabaki na mama wa kambo. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, na ndani, nyuma ya kaunta, binti wa mume wangu alikuwa anafanya hesabu za shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki akiwa mdogo sana, mimi nikamkuta ana miaka mitano, na tangu siku hiyo mpaka leo aliniita Anti. Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza mimi ni nani kwenye hadithi hiyo.

Marehemu alitafsiri tatu. Ya kwanza ni ya Wazungu, ya zamani, yenye chumba cha juu na kufuli. Ya pili ni ya Kihindi, kiatu si kiatu ila ni kikuku cha mguuni, na inaenda karibu saa tatu kwa sababu kila mtu akikasirika anaimba. Ya tatu ni ya juzi juzi, msichana ana upanga na hataki kuolewa na mtu.

"Ya Kihindi ndiyo ya kweli," fundi akaanza. "Kikuku kinaweza kumtambulisha mtu. Lakini kiatu? Mimi nimepima watu wa mji huu miaka ishirini. Wenye mguu wa saizi tano ni wengi hata kwenye kwaya yetu peke yake. Huyo mwana wa mfalme angeoa kwaya nzima."

"Mathe, kile ni cha glasi," kijana wa bodaboda akasema. "Glasi haitanuki. Ni cha mtu mmoja."

"Na mtu atacheza ngoma na glasi mguuni? Wacha wewe!"

"Shida yenu hamsomi," mwalimu akasema. "Hadithi hii ni ya vitabuni. Muvi zote hizi zimeongeza chumvi."

"Mwalimu, kitabu hakina DJ," kijana akasema, na hata mwalimu akacheka kidogo, halafu akakumbuka yuko wapi akanyamaza.

Kijana wa bodaboda alikuwa na lake, na alilirudia kila siku. Yeye hakumhurumia msichana. Alimhurumia dereva. "Saa sita ikigonga gari linageuka boga, sawa. Farasi panya, sawa. Lakini yule dereva, manze, ameshushwa katikati ya barabara, ni panya tena, na hakuna hata mtu mmoja anauliza alifika kwao aje. Hata kwenye hiyo ya upanga hawajauliza." Alisema kwa uchungu kabisa. Nadhani alikuwa anajiongelea.

Halafu fundi akasema lile alilosema. Alikuwa amechangamka, anamjibu mwalimu kuhusu ya upanga, ambamo mama wa kambo mwishoni anaomba msamaha. "Hiyo ndiyo siamini! Mama wa kambo ni mama wa kambo tu, hata umpake asali." Neno likatoka, likafika kwangu. Fundi akaziba mdomo kwa mkono. "Woi, dada yangu. Pole. Sikumaanisha wewe."

"Endeleeni tu," nikasema. "Hiyo ni muvi." Nikainama nikaokota karatasi ya peremende. Haikuniuma. Ningependa kusema iliniuma, ningeonekana mtu. Nilitazama ndani nikaona binti ameacha kuandika. Kalamu ilikuwa juu ya daftari na haitembei.

Sasa nieleze habari ya ndovu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini fundi alifanya haraka kuigeukia kama mtu anayejiokoa majini. "Na hata hivyo," akasema, "kwenye ya kwanza, ya marehemu, mama hana ubaya. Si alimfungia kwa sababu ya ndovu?"

Kwenye ile muvi ya zamani, wajumbe wa mfalme wanapokuja na kiatu, mama wa kambo anampeleka msichana chumba cha juu, anafunga mlango na kutia kufuli. Hapo, kwenye nakala ya mume wangu, picha inaganda. Mama amesimama na ufunguo mkononi, amekodoa macho, hatikisiki, na sauti ya mume wangu inaendelea peke yake muda mrefu. Anasema: "Sasa msimlaumu huyu mama. Mmesikia kelele huko nje? Ndovu wametoka. Ndovu wametoka, wako kwenye mahindi, wawili na mtoto wao, na mtoto huyu wa kwetu anataka kutoka nje mbio. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mama amefunga mlango. Mama ana akili. Lia tu mwanangu, kulia hakuui, ndovu anaua." Halafu picha inatembea tena, wajumbe wanakunywa chai.

Mji ulicheka mpaka ukalia. Ndovu, Ulaya! Lakini kwa watu wa hapa, na hasa wa Kasigau alikotoka yeye, ambako mtu analima na ndovu wanavuna, ilikuwa sababu tosha. Kuna watu waliikubali kabisa wakadhani ndiyo hadithi. Mpaka leo kijana akitaka kufunga kibanda mapema, au mvua ikitishia, atasema "ndovu wametoka," na kila mtu anajua twende nyumbani. Mimi nilimuuliza mume wangu wakati ule imekuwaje, akasema diski ilikwaruzika, picha ikakwama, akaona badala ya kunyamaza ajazie maneno. Nikamwambia, "Wewe na uongo wako." Nikaenda kupika.

Lakini sikuwa nimecheka na mji. Mwezi huohuo tulikuwa tumetoka Kasigau kwa mama yake, na huko kulikuwa na kufuli la kweli. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Magharibi, jua halijazama vizuri, tukasikia watu wanapiga mabati chini shambani, na mume wangu na ndugu zake wakakimbilia huko na matochi. Mtoto alikuwa na miaka sita. Akaanza kumlilia baba yake, akatoka mbio kumfuata. Nikamkamata mara mbili. Komeo la ndani alijua kulifungua. Mara ya tatu nilimrusha ndani nikafunga kwa nje na kufuli, nikasimama mlangoni na sufuria na mwiko, napiga, natetemeka, na yeye huko gizani analia mpaka sauti ikakauka. Waliporudi, shangazi yake alikuta mtoto wa marehemu mke wa kwanza kafungiwa ndani na mimi nje na ufunguo kwenye kanga. Hakuuliza. Alisema tu, "Ndio hao mama wa kambo." Alisema kwa sauti ya chini, lakini ukoo mzima ulisikia.

Mtoto hakuwahi kulitaja jambo lile. Miaka sita. Alikula chakula changu, nilimsuka nywele, alinionyesha ripoti za shule, na hakulitaja hata siku moja, na mimi niliamua kwamba asiyetaja ndiye asiyesahau. Kila aliponiita Anti nilisikia kufuli likilia ndani ya neno hilo.

Basi siku tulipomzika baba yake huko Kasigau, wazee walipoketi, mjomba wa mtoto, kutoka Wusi kule milimani, alisimama. Ni mtu wa heshima, sauti ya chini, kofia mkononi. Akasema mama wa mtoto walimzaa wao. Akasema, "Dada bado ni kijana, kesho ataolewa, mtoto ataachwa na nani? Jumapili ya mwisho kabla shule kufunguliwa nitakuja Voi nimchukue, kama dada hana neno." Wote wakanigeukia. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu.

Nikasema, "Sawa."

Ndiyo, nilisema hivyo. Neno moja. Nilikuwa nimekosa usingizi, nilikuwa ganzi, na nilidhani ndilo yeye alilotaka. Tangu siku hiyo niliongea naye maneno matatu: kula, oga, lala. Naye alinijibu moja: ndiyo. Tuliishi hivyo nyumba moja, watu wawili wenye adabu. Siku zilipokaribia nikatoa begi lake juu ya kabati, nikalipangusa vumbi, nikaanza kupanga sare na soksi. Alikuja akasimama mlangoni akaniangalia nikikunja sweta. Nikamwambia Wusi kuna baridi. Akasema ndiyo.

Benchi lilijua. Voi ni mji mdogo. Lakini hawakuniuliza, walibishana tu zaidi, na sasa ubishi wote ulikuwa kwenye ndovu. Mwalimu alishikilia kwamba marehemu, Mungu amlaze pema, alitudanganya. Kwamba muvi yenyewe haina sababu yoyote ya kumtetea yule mama, kamfungia mtoto kwa roho mbaya, basi. Fundi alishikilia kwamba palipokwama pale ndipo Wazungu walipoweka sababu yao, na marehemu aliibadilisha tu ieleweke hapa. "Labda kwao ni dubu," akasema. "Wewe unajuaje? Umeona kilichokuwa kimekwaruzwa?"

Mwalimu hakuwa mtu wa kuulizwa umejuaje. Ijumaa ile kabla ya Jumapili yenyewe alikuja na flashi, ameshika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika ushahidi wa kesi. Mwanawe alikuwa amempatia muvi ileile, safi, bila DJ. "Weka," akaniambia. "Tumalize haya mambo."

Nikaweka. Tukatazama wote wanne, na binti nyuma ya kaunta, muvi bila sauti ya marehemu ikawa kama nyumba iliyohamwa. Tukafika chumba cha juu. Mama akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akatabasamu, akashuka ngazi. Hapakuwa na kilichokosekana. Hakuna dubu, hakuna sababu, hata sekunde ya kutosha kupiga chafya.

"Mnaona?" mwalimu akasema. "Roho mbaya, basi."

"Basi wewe umefurahi?" fundi akamgeukia. "Umemshinda maiti. Haya, pongezi!" Akainuka akaenda kwenye cherehani yake, na siku hiyo hakurudi. Kijana wa bodaboda akavaa kofia yake ya pikipiki akaondoka. Mwalimu alibaki ameshika flashi yake, na nadhani hakuwa na raha tena. Binti alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Mimi neno moja lilinikwama. Kama hapakuwa na kilichokosekana, huo mkwaruzo ulikuwa umeficha nini? Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka, nikaingia chumba cha trei za mayai. Sikuwa nimeingia tangu afe. Kilikuwa bado kinanuka dawa yake ya mbu. Nikafungua droo ambamo aliweka diski zake za zamani, kila moja na karatasi yake, mwandiko wake wa kulala upande. Nikaipata. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa safi kama kioo cha saluni. Nikaiingiza kwenye mashine, nikaenda mpaka chumba cha juu. Mama akafunga mlango, akatabasamu, akashuka ngazi. Haikukwama popote.

Kwa hivyo aliisimamisha mwenyewe. Aliweka kidole akaisimamisha, apate nafasi ya kusema. Niliketi kwenye kiti chake nikafikiri, huyu bwana alinitetea mbele ya mji mzima na akaniambia ni mkwaruzo. Nilijua ni jambo kubwa. Nilijua kwa akili, kama unavyojua bei ya unga. Ndani hapakusonga kitu.

Nikafungua rekodi yake kwenye kompyuta nisikie tena. Mara hii sikutumia spika. Spika ile ya nje ina bezi, inameza kila kitu kidogo, na mji mzima ulisikiliza rekodi hii kwa spika kama hizo, kwenye vibanda na mabaa na sebule za watu. Nilivaa hedfoni zake. Picha ikaganda. Nikamsikia akivuta pumzi. Kiti kikalia, hiki hiki nilichokalia. Na chini kabisa, kabla hajatamka neno, nikasikia sauti nyingine, ndogo, karibu na maiki, ya mtu anayedhani ananong'ona.

"Baba, sema ni ndovu."

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Nikarudisha tena, nikakandamiza hedfoni masikioni mpaka zikauma.

"Baba, sema ni ndovu. Waambie."

Halafu yeye: "Sasa msimlaumu huyu mama."

Nilikaa humo mpaka wateja wakaanza kugonga mabati. Sikulia. Mikono ilikuwa inanitetemeka kama siku ile ya sufuria, nikaiangalia tu inatetemeka, nikajiambia, haya, angalau mikono imerudi.

Mngedhani nilienda nikamwambia siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilimpikia, nikasema kula. Miaka sita ya kunyamaza haivunjwi kwa sahani ya wali, na kusema kweli niliogopa. Aliyosema akiwa na miaka sita ni ya mtoto wa miaka sita. Labda tangu hapo alibadilisha mawazo.

Jumapili mjomba alifika saa nane mchana, koti jeusi, amebeba ndizi na maparachichi ya Wusi, na barua ya shule ya huko. Nikamkaribisha ndani ya duka, kwenye kiti kizuri. Benchi lote likaingia nyuma yake bila kualikwa, fundi, mwalimu, kijana wa bodaboda, wakajipanga ukutani kama watu wanaongoja kupimwa presha. Niliwatengenezea wote chai. Binti alisimama kando ya kaunta, begi mguuni, amevaa sweta na jua lile.

"Dada," mjomba akaanza, "tunashukuru kwa malezi. Hakuna aliyekukosea wala hujamkosea mtu." Akazungusha kikombe. "Tena nisikufiche. Kule Kasigau watu walisema mambo. Habari za kufuli na nini. Mimi siulizi. Naona tu mtoto akikaa na damu yake hakuna atakayesema kitu."

Mwalimu akakohoa. Mimi nikamgeukia binti, na hilo ndilo swali la kwanza nililomuuliza tangu tumzike baba yake.

"Nani alimwambia baba yako aseme ni ndovu?"

Akaangalia begi. "Mimi."

"Kwa nini?"

Akainua uso, na alikuwa amekasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo. "Kwani hawakuwa ndovu? Mimi niliwasikia, Anti. Walikuwa hapo hapo kwa ukuta. Shangazi anasema hivi, wengine wanasema vile, na hakuna aliyekuwa humo ndani, ni mimi nilikuwa humo! Nikamwambia Baba awaambie."

Fundi alikuwa ameshika kikombe bila kukipeleka popote.

"Na hukuniambia," nikasema.

"Hukuniuliza." Halafu sauti yake ikashuka. "Na ulisema sawa. Mjomba aliuliza kama una neno, ukasema sawa. Nilikuwa hapo kwa mkeka. Ukashusha begi wewe mwenyewe."

Hapo ndipo. Nilikuwa nimengoja kitu kiniume tangu mazishi, nikapigwa na hilo. Huyu mtoto alinitetea mbele ya kaunti nzima akiwa na miaka sita, na mimi siku ya kuulizwa neno moja, nilimwachilia kwa sababu ya adabu na uchovu.

"Nilikosea," nikasema. "Nilidhani unataka. Nilikosea, mwanangu." Nikamgeukia mjomba, na sijui maneno mengine yalienda wapi, yalinijia haya tu. "Mzee, unisamehe. Leo haendi mtu. Ndovu wametoka."

Mjomba akanitazama, akamtazama mwalimu, maana ndiye aliyefanana na mtu mwenye akili humo ndani. "Ndovu? Saa nane mchana? Katikati ya Voi?"

Mwalimu alirekebisha kifungo cha shingo. "Wametoka," akasema. "Wawili na mtoto wao."

Binti alipita katikati yetu mpaka mlangoni, akauvuta, akasukuma komeo kwa ndani mpaka likalia, na sisi wote tumo, mjomba na ndizi zake pia. Kisha akarudi akachukua begi akalipeleka chumbani kwake.

"Kunywa chai, mzee," kijana wa bodaboda akamwambia mjomba. "Wakitoka hutoki. Baadaye nitakupeleka mimi mwenyewe, nitahakikisha umefika."

Mjomba alikunywa. Baada ya muda akauliza kama likizo mtoto anaweza kupanda Wusi kusalimia, nikajaribu kumjibu kwamba atapanda kila likizo, lakini nilikuwa nimeanza kulia, na nililia kwa sauti, kamasi na yote, mpaka chai yangu ikapoa, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.